Muulize Mama Ustawi: Kijana analala barazani kwangu

Mwezi huu barua nne zimenijia juu ya jambo moja, kana kwamba mlikaa kikao. Nadhani ni mvua. Masika yakianza kupiga mabati, hata mtu aliyekuwa akiwapita kila siku wale wanaolala stendi huanza kuwaona.

Kwa msomaji mgeni: nimekuwa afisa ustawi wa jamii miaka 38, Moshi na Arusha, hadi nilipostaafu. Sasa nina vyumba vitano vya kupangisha nyuma ya nyumba yangu hapa Pasua, na viwili kati ya hivyo wanakaa watu waliotoka kulala nje. Kwa hiyo baadhi ya haya ninayoyasema nimeyajifunza ofisini, na mengine yamenigharimu kodi.

*Shikamoo Mama Ustawi. Nina duka la nafaka karibu na soko la Mbuyuni. Tangu Januari kuna kijana analala barazani kwangu. Anakuja nikishafunga, kwenye saa tatu, anatandika boksi na kiroba, na asubuhi nikifika nakuta ameshafagia na kuondoka. Hajaniibia hata punje. Anasema ana miaka 19 na ametokea Same. Majirani wananishauri nimwage oili chafu barazani asilale. Mgambo wamemchukua mara mbili, akarudi. Nyuma ya nyumba tunayoishi nina stoo, ningeweza kuisafisha akakaa, lakini mume wangu hataki hata kusikia. Anasema nitaleta jambazi ndani na tuna mabinti wawili. Nimsaidieje bila kuvunja ndoa? — Mama Nafaka, Moshi*

Marahaba mwanangu. Nianze na mumeo, kwa sababu ndiye uliyetegemea nimseme. Simsemi. Ana haki.

Usimpeleke kijana kwenye stoo yako. Sisemi hivyo kwa kumwogopa kijana. Nasema hivyo kwa sababu nimeona stoo nyingi. Wiki ya kwanza ni huruma, mwezi wa pili anachota maji, mwezi wa nne anafua, na kabla mwaka haujaisha amekuwa mfanyakazi wa ndani asiye na mshahara, ambaye hawezi kudai kwa sababu "tulimwokota". Siku kijiko kikipotea yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Akiondoka anaondoka usiku, na wote mnabaki na uchungu: ninyi mnasema hana shukrani, yeye anasema hata waliomwita mwanangu walimfanya punda. Na stoo si chumba. Haina mlango wake wa nje, haina kitasa chake, na mwenye nyumba anaingia kuchukua debe la mahindi wakati wowote.

Oili nayo waachie wenyewe waliokushauri. Akitoka kwako atahamia baraza la mbele, basi. Nimewahi kuona mtaa mzima wa maduka umepakwa oili, na wenye maduka ndio walioteleza.

Anza hivi. Asubuhi moja mkute kabla hajaondoka. Nunua chapati mbili na chai ya maziwa pale kwa mama ntilie, mkae. Muulize jina lake, majina yote matatu. Usimuulize alikimbia nini nyumbani. Hilo wanaulizwa na kila mtu, mgambo, polisi, wachungaji, na kila mmoja ana jibu alilokwisha kulikariri. Muulize hivi: "Ukiumwa leo ukalazwa, nimpigie nani?" Kwa swali hilo utajua mengi. Akikutajia dada aliyeolewa Himo au mjomba fundi gereji, una pa kuanzia. Akinyamaza kimya, napo umeshajua.

Hatua ya pili, nenda naye kwa mwenyekiti wa mtaa lilipo duka. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina vifungu vya 176 na 177 vinavyohusu wazururaji, na hivyo ndivyo anavyobebewa kila mara mgambo wakipita. Kijana ambaye mwenyekiti anamfahamu kwa jina, na mwenye duka amesema "yupo hapa kwa ridhaa yangu, ananifagilia", habebwi kirahisi. Sisemi habebwi kabisa. Nasema kirahisi.

Halafu utakutana na fundo lenyewe, nalo ndilo linalowashinda wengi wenye moyo kama wako. Kupata kitambulisho cha NIDA anahitaji fomu yake igongwe muhuri wa serikali ya mtaa anakoishi. Kuwa na mtaa anakoishi anahitaji chumba. Kupewa chumba, mwenye nyumba anataka kitambulisho. Bila namba ya NIDA hasajili laini ya simu kwa alama za vidole, kwa hiyo hata senti zake za kwenye simu zinakaa kwenye laini ya mtu mwingine, na huyo mtu mwingine siku moja anahamia Tunduma. Unaona? Watu wanamtazama kijana wanaona hana kitanda. Kitanda ni shilingi ngapi? Alichokosa ni mtu wa kusema mbele ya meza ya ofisi: "Huyu namfahamu."

Mtu huyo ni wewe. Hiyo ndiyo kazi yako, si stoo. Muulize kama alimaliza darasa la saba na wapi, cheti cha shule kinasaidia. Kama alibatizwa, parokia ya kwao ina kitabu. Vitu hivyo, pamoja na barua ya kijiji cha kwao, ndivyo anavyoombea cheti cha kuzaliwa cha RITA kwa waliochelewa, wilayani, na cheti ndicho kinachofungua NIDA. Mpe nauli ya Same na kurudi, aende mwenyewe. Kama yapo mambo mabaya kwao na hawezi kwenda, utajua siku hiyo hiyo, maana atakurudishia nauli. Imeshanitokea.

Tatu, fedha. Najua anabeba magunia hapo Mbuyuni, hakuna anayelala pale asiyebeba. Anachopata anakila au anaibiwa akiwa usingizini. Chukua daftari la kawaida, la kurasa 40, andika jina lake juu, awe anakuwekea 1,000 au 2,000 kila jioni, na kila akiweka atie sahihi. Nasisitiza sahihi, hata kama ni dole gumba. Siku akizitaka zote akanywe, mpe zote, ni zake. Ataanza upya. Chumba cha kawaida Bomambuzi au Njoro bado unakipata kwa 30,000, na wenye nyumba wanataka miezi mitatu. Ni 90,000. Akiweka 1,500 kwa siku sita za wiki, ni wiki kumi. Wewe unaweza kumwongezea kidogo mwishoni, lakini usiilipe yote wewe.

Sasa nikwambie lililonikuta, ili usije ukakata tamaa pale nilipokata mimi.

Kijana wa kwanza niliyempa chumba nilimpa vyote kwa mpigo: godoro la inchi nne, ndoo, sufuria, na kufuli jipya lenye funguo mbili. Nikampa ufunguo mmoja, mmoja nikabaki nao. Nikampa na masharti, kubwa likiwa hakuna kuleta rafiki. Nilijiona nimefanya kazi ya Mungu. Wiki ya pili mpangaji wangu mwingine, anayepiga debe stendi kuu, akaniambia: "Mama, yule kijana wako mbona analala kule kule?" Nilipanda hasira hadi masikio yakawaka. Tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku mwaka 2023 stendi hailali, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri nikajifunga kanga, nikaenda. Nikamkuta amejikunja ukutani na wenzake wawili, juu ya boksi la televisheni. Ufunguo wangu umening'inia shingoni mwake kwa uzi wa kiatu.

Nikamwamsha kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Akanisikiliza yote. Kisha akasema taratibu: "Mama, kule kimya sana. Nikilala peke yangu nasikia mtu anakuja."

Miaka yote ile ya ofisi, mafaili yote yale, na hilo sikuwahi kuliandika popote. Barabarani hawalali peke yao. Wanalala kwa zamu, mmoja macho, na mgongo wa mwenzako ndio ukuta wako. Mimi nilimtenga na ukuta wake nikamwita mwenye bahati. Na huo ufunguo wa pili niliobaki nao ulimaanisha kwake kwamba kweli kuna mtu anaweza kuingia.

Nikampa ufunguo wa pili. Nikamruhusu mwenzake mmoja aje. Mwezi mzima walilala sakafuni wawili, godoro limesimamishwa ukutani, mlango umeegeshwa na tofali. Baadaye wakaanza kuufunga. Mwenzake alihama, yeye bado yupo. Kodi ya miezi miwili ilipotea na sikuidai. Hadi leo analala taa ikiwaka usiku kucha, na luku ni ya kwangu, kwa hiyo kila mwezi tunagombana.

Kwa mumeo sema maneno haya tu: "Hatumleti nyumbani, tunamdhamini." Hasara yenu kubwa kabisa ni miezi mitatu ya kodi. Na panga siku ya kushusha mzigo awepo dukani, amwone kijana akifanya kazi. Wanaume wengine hawaamini maneno, wanaamini gunia lililobebwa.

*Habari Mama Ustawi. Nina nyumba ya vyumba nane Sombetini, Arusha. Jumuiya ya kanisa letu imeniomba vyumba viwili, vya 40,000 kila kimoja, kwa vijana wanne wa kiume waliokuwa wakilala soko la Kilombero na stendi. Jumuiya italipa miezi mitatu ya mwanzo. Baada ya hapo sijui. Wapangaji wangu wameanza kunung'unika kwamba wataibiwa nguo kambani. Nikikubali nijilindeje? — Baba Mwenye Nyumba*

Nzuri, Baba. Nakushukuru umeuliza kabla ya kusema vimejaa. Wenye nyumba wa kwetu hawakatai, wanasema vimejaa.

Hiyo miezi mitatu ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko vijana wenyewe. Miezi mitatu vijana hawalipi kitu, halafu asubuhi ya mwezi wa nne wanatakiwa 80,000 kamili. Hata mimi na pensheni yangu ningeteleza hapo. Jumuiya imeshakubali kutoa 240,000. Waombe watoe kiasi hicho hicho, ila wakitandaze miezi sita: mwezi wa kwanza 80,000, wa pili 60,000, wa tatu 40,000, wa nne 30,000, wa tano 20,000, wa sita 10,000. Jumlisha, ni ile ile. Vijana wanaanza na bure, mwezi wa pili wanachanga 20,000 wote wanne, na kufikia wa sita wanalipa 70,000, yaani 17,500 kila mmoja. Wakifika mwezi wa saba hakuna ngazi mpya ya kupanda, ni kuongeza 2,500 tu kila kichwa.

Na usiwasubirie mwisho wa mwezi. Anayeokota skrepa na machupa, anayebeba viazi Kilombero, hana mwisho wa mwezi. Ana leo. Pokea kila Jumapili jioni, siku ile ile, wewe mwenyewe, na risiti. Ukimtuma mpangaji mwingine akukusanyie umeshawaharibia, kwa sababu sasa yupo jirani anayewadai, na jirani anayekudai anajiona ana haki ya kukuamrisha.

Mkataba andikiana na vijana, usiandikiane na kanisa. Kila mmoja jina lake, sahihi yake, mbele ya mtendaji wa mtaa. Jumuiya iandikwe kama mdhamini, na si "jumuiya" hewani: mtu mmoja, jina na namba ya simu, anayekubali kupigiwa saa sita usiku. Jumuiya haina mikono ya kufungua geti. Nimeshuhudia mpango mzuri wa watu wazuri ukivunjika Arusha hiyo hiyo kwa sababu kijana aliugua usiku, mwenye nyumba akapiga simu tatu, na kila aliyepokea alisema mhusika ni mwenzake.

Vyumba viwili, vijana wanne: waache wachaguane wenyewe. Katibu wa jumuiya asiwagawe kwa umri wala kwa dhehebu.

Kuhusu nguo kambani, nikuulize, ni nani aliyewaambia wapangaji wako vijana hawa walikuwa wanalala wapi? Kama ni wewe, ulikosea, na kama ni jumuiya, waambie waache kuwatangaza kwenye matoleo. Mpangaji mpya anatambulishwa kwa jina na kazi. Uani kwangu mara ya mwisho nguo zilipoibwa kambani, aliyechukua alikuwa mpwa wa mpangaji, mwanafunzi wa chuo, suruali yake ya jeans imepigwa pasi. Ugomvi utakaokuja kwako hautakuwa wa wizi. Utakuwa wa choo, maji na luku, kama nyumba zote za uani hapa duniani. Kwa hiyo kabla hawajaingia, amua: zamu ya choo ni ya nani siku gani, ndoo ya maji ni kiasi gani, na kama unaweza weka mita ndogo kwenye vyumba hivyo viwili. Hata wapangaji wa zamani utaona wananyamaza, maana walichokuwa wanakiogopa ni kulipia umeme wa watu wanne.

Kuna jambo lingine la mbele. Halmashauri zote zinatenga asilimia kumi ya mapato yao ya ndani kukopesha vikundi: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Mtu anayelala Kilombero hawezi kufika huko kwa sababu kikundi kinasajiliwa kikiwa na makazi na wanachama wenye vitambulisho. Vijana wako baada ya mwaka wataweza. Usiwaambie sasa. Ahadi ya mkopo inawatoa vijana kwenye kazi ndogo wanayoifanya, wanakaa wakisubiri fomu.

*Shikamoo Mama. Mimi ni muuguzi Kilimanjaro. Wodini kwetu kuna babu wa miaka kama 75, aliletwa na wasamaria wema na kidonda cha mguu. Amepona na ameruhusiwa, wiki ya tano sasa, hana pa kwenda. Anasema ana kihamba, yaani shamba la ukoo, huko Uru, lakini wana wa marehemu kaka yake walimtoa. Sisi wauguzi tunamchangia chakula, ila wakubwa wanataka kitanda. Nifanye nini? — Binti wa Zamu ya Usiku*

Marahaba binti. Kwanza asipakiwe kwenye gari akashushwe stendi. Nimeona ikifanyika, sitasema wapi. Mzee akishushwa stendi anarudi wodini ndani ya mwezi na mguu mbaya zaidi, kama amerudi.

Ofisi ya ustawi ya hospitali, au ya halmashauri kama yenu haina, ndiyo yenye wajibu wa kufungua faili lake. Wewe kawasukume, kwa upole, kila zamu. Lakini kuna kazi ambayo unaweza kuifanya wewe usiku huu huu ukimfunga bandeji. Muulize kihamba chake kinapakana na akina nani. Mchaga wa umri huo anajua masale yake ya mpakani, mmea kwa mmea: juu ni wa fulani, chini mfereji, kushoto ni wa fulani aliyeoa kwa fulani. Akikutajia pande zote nne bila kusita, andika. Hao majirani ndio mashahidi, na mara nyingi mmoja wao amekuwa akijiuliza meku, yaani mzee, alikwenda wapi. Mpigie mwenyekiti wa kijiji, mpigie paroko. Nimemaliza kesi mbili za namna hii kwa baraza la ukoo lililokaa chini ya mgomba, bila hakimu, kwa sababu tu mzee alipotokea akiwa hai wale vijana waliona aibu mbele ya shangazi zao. Na ukoo ukishindwa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria wanaomsaidia asiye na uwezo bila malipo. Hapa Moshi shirika la KWIECO wanafanya kazi ya msaada wa kisheria tangu miaka ya themanini.

Makazi ya wazee ya serikali yapo Njoro, hapa hapa Moshi, najua wengi mnayafikiria kwanza. Yafikirie mwisho. Anapelekwa kwa barua ya ustawi baada ya kuthibitika hana ndugu wa kumtunza, si mlango wa kubisha hodi. Na muulize mwenyewe. Wapo wazee walioniambia afadhali chumba kibovu Uru, anakosikia kengele ya kanisa lake.

Chakula mnachomchangia, endeleeni.

*Mama Ustawi, mnalea uvivu. Hapa Arusha kila kona kuna mtu amelala. Warudishwe makwao wakalime, au jiji lijenge bweni moja kubwa nje ya mji, walale huko tuwaone watalii bila aibu. Nikitoka kununua gazeti wapo wawili nje ya benki kila asubuhi wananisumbua. — Mwalimu Mstaafu, Sanawari*

Shikamoo Mwalimu. Wewe ulikuwepo mwaka 1983, na mimi nilikuwepo, mwanafunzi wa ustawi Dar es Salaam. Unakumbuka Nguvu Kazi. Malori yalizoa watu waliokuwa hawana kadi ya kazi, wakapelekwa vijijini wakalime, kama unavyotaka. Tuliandika majina yao kwenye orodha. Wiki chache baadaye nilikutana na sura zile zile Kariakoo, nyingine zimeniamkia. Kijijini hawakuwa na shamba lililokuwa likiwasubiri. Kama lingekuwepo wasingeondoka. Hapa kwetu milimani ndiyo kabisa: kihamba cha ekari moja, baba ana wavulana watano, anakirithi mmoja. Wanne unawarudisha wapi?

Kuhusu bweni, Wafini walikuwa nayo mabweni hayo, tena yenye joto. Mwaka 2008 serikali yao iliamua kuyageuza kuwa vyumba vya kupanga, kila mtu na mkataba wake na mlango wake, kwanza chumba, mengine baadaye, hata kama bado anakunywa. Walichokiona ni kwamba mtu anaweza kukaa bwenini miaka kumi akabaki mtu wa bweni. Najua utasema Ufini serikali inalipa kodi ya mtu. Ni kweli, hapa hailipi. Hata TASAF, mpango wa kunusuru kaya maskini ulioanza 2012, unaandikisha kaya, na asiye na nyumba hana kaya ya kuandikishwa. Ndiyo maana huku kwetu inabaki jumuiya ya Sombetini na daftari la Mama Nafaka, na ndiyo maana inakwenda taratibu.

Watoto ni habari nyingine, na hapo tunakubaliana nusu. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, na anayemwona ana wajibu wa kutoa taarifa serikali ya mtaa. Namba ya bure ni 116. Wapo wanaorudishwa nyumbani na wakakaa, kwa sababu kuna mtu alitangulia kwenda kuona nyumba ikoje na akarudi tena baada ya mwezi. Kituo cha Amani hapa Moshi kimekuwa kikifanya kazi hiyo ya watoto wa mtaani tangu 2001. Ni kazi ya miezi kwa mtoto mmoja. Haifanywi kwa lori.

Na hao wawili wa nje ya benki, Mwalimu, umefundisha miaka mingi hapo Arusha. Umewatazama vizuri usoni? Nauliza tu, maana mimi mmoja wa wangu nilimkuta stendi na nilikuwa nimemwandikia barua ya kuanza darasa la kwanza.

Akina mama wa Kaloleni mliouliza muwaletee nini wanaolala nje: blanketi zito msilete tena, likilowa halikauki na hawana pa kulianika. Turubai jepesi, soksi, ndala. Kwa anayehamia chumbani, ndoo yenye mfuniko, jiko la mkaa na kufuli. Funguo zote mbili mpeni yeye.